Digrii moja ya kuinama

Kila mazungumzo ya mradi wa gesi wa Likong'o, kule Lindi, yanapokwama, na yamekwama mara nyingi, hakosi mtu wa kuuliza: kwani lazima tujenge nchi kavu? Si tulete meli kama wenzetu wa Msumbiji? Swali ni la haki kabisa. Kusini ya Mto Ruvuma, kwenye maji yenye kina cha mita 2,000 hivi, chombo kiitwacho Coral Sul kimefungwa kwa nanga na kinasindika gesi. Shehena yake ya kwanza iliondoka Novemba 2022. Wakati huo mradi mkubwa wa nchi kavu pale Afungi, jirani na Palma, ulikuwa umesimama kwa sababu ya vita vya Cabo Delgado. Palma ilivamiwa Machi 2021 na wakandarasi wakakimbia. Ujenzi wa meli ukaendelea huko Korea Kusini kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwanasiasa akishafika hapo, kwake hesabu imekwisha.

Nimesikiliza mabishano haya kwenye redio, kwenye vijiwe na kwenye semina, na naona pande zote mbili zinalitazama wimbi. Wanaopinga wanasema bahari inayumba, na mtambo wa kugeuza gesi kuwa kimiminika kwa baridi kali hauwezi kukaa juu ya kitu kinachoyumba. Wanaounga mkono wanajibu kwamba chombo cha urefu wa mita 432 na upana wa mita 66 hakiyumbi; wimbi linakipita kama mbu anavyompita tembo. Mimi nadhani wote wameikosa hoja. Kuyumba kunavumilika kuliko wanavyodhani wanaopinga, na ukubwa wa chombo haukingi kile kinachoumiza kweli. Kinachoumiza ni kuinama kidogo, kimya kimya, kwa saa nyingi.

Ili hilo lieleweke inabidi tuingie ndani ya mnara.

Gesi asilia inageuka kuwa kimiminika, kiitwacho LNG, kwenye nyuzi 162 hivi chini ya sifuri, na ikifika hapo ujazo wake unapungua takribani mara 600. Ndiyo maana inafaa kusafirishwa melini. Kazi ya kuishusha mpaka kwenye baridi hiyo inafanyika ndani ya kibadilisha joto, na kinachotumika kwenye mitambo mingi mikubwa, ikiwemo Coral Sul na ile meli ya Prelude ya Shell iliyoko Australia, ni mnara wa mirija iliyosokotwa. Asili yake ni ya zamani: Carl von Linde alitumia mrija uliosokotwa kugeuza hewa kuwa kimiminika mwaka 1895. Chukua maelfu ya mirija myembamba ya alumini, izungushe kwenye bomba la katikati, tabaka juu ya tabaka, kama fundi anavyozungusha kamba kwenye winchi, kisha uvishe yote ganda la chuma. Minara mikubwa ya nchi kavu inakaribia urefu wa mita 50. Kuna kampuni chache mno duniani zinazoweza kuisokota vizuri.

Gesi inaingia chini na kupanda ndani ya mirija. Juu kabisa kuna sahani ya kugawia, yenye matundu, inayomwagia kimiminika cha kupoozea: mchanganyiko wa methani, ethani, propani na wenzao, pamoja na naitrojeni. Kimiminika hicho kinateremka nje ya mirija, kinaitambaa kama utando mwembamba, kinachemka kwa baridi, na kwa kuchemka kinanyonya joto la gesi iliyo ndani. Hakuna pampu inayokisukuma kati ya mirija. Mvuto wa dunia ndio pampu. Na mvuto wa dunia hauna habari kwamba mnara umefungwa kwenye meli. Wenyewe unavuta chini tu, hata kama "chini" ya mnara na "chini" ya dunia zimeachana kidogo.

Mtu aliyewahi kupika chapati kwenye jiko lililokaa vibaya analijua tatizo hili. Weka kikaango kwenye jiko ambalo jiwe moja limezama. Mafuta yanahamia upande wa bonde. Huko chapati inaogelea, na upande wa mlima inaungua. Ukiongeza mafuta hayafiki upande mkavu, yanaongeza dimbwi tu.

Sasa tufanye hesabu ya sahani ile ya kugawia. Tuseme ina upana wa mita 4 na kimiminika ndani yake kina kina cha sentimita 30. Vipimo hivi nimevichagua mimi kwa mfano, lakini haviko mbali na uhalisia. Meli ikilala upande kwa digrii 1, kiasi ambacho mtu aliyesimama sitahani huenda asikihisi, ukingo wa chini na ukingo wa juu wa sahani vinapishana kwa sentimita 7. Upande mmoja una kina cha 33.5, mwingine 26.5. Mtiririko kwenye tundu unafuata kipeuo cha pili cha kina, kwa hiyo matundu ya upande wa chini yanatoa asilimia 12 zaidi ya yale ya upande wa juu. Kwa digrii 3 tofauti inapanda hadi asilimia 44. Hapo bado hatujatoka kwenye sahani. Kimiminika kikishaanza kuteremka, kila tone linaendelea kusogea upande wa bonde: kwenye fungu la mirija lenye urefu wa mita 15, digrii 1 inalipeleka tone sentimita 26 pembeni kabla halijafika chini. Upande mmoja wa mnara unabaki na mirija mikavu, mwingine unafurika.

Kuna anayeweza kusema kwamba wastani utabaki ule ule, kwamba upande uliofurika utafidia uliokauka. Haufidii. Mnara huu umebanwa sana kwenye tofauti ya joto: sehemu zake za baridi zaidi zinafanya kazi kwa tofauti ya nyuzi 2 au 3 tu kati ya gesi na kipoozeo. Gesi iliyo upande uliofurika haiwezi kupoa zaidi ya kipoozeo chenyewe, hata ukikimwaga kwa ndoo. Upande mkavu, kwa upande wake, unatoa gesi yenye joto bila kikomo cha huruma. Zikichanganyika juu, ile yenye joto inashinda. Na kipoozeo kilichofurika upande wa pili kinafika chini hakijachemka chote, na kimiminika hakitakiwi kamwe kuingia kwenye kompresa, mashine ya kushindilia gesi. Mwendeshaji anaona joto la LNG linapanda, anaona kimiminika kinajaa kwenye pipa la kukikamata kabla ya kompresa, na dawa aliyonayo ni moja: kupunguza gesi inayoingia. Kila siku anayofanya hivyo, tani zinapotea.

Hilo ni la kuinama. Kuyumba je?

Rudi jikoni. Mpishi akitaka mafuta yaenee afanyeje? Anashika mpini na kukiyumbisha kikaango, kulia, kushoto, mbele, nyuma. Mafuta yanapita kila mahali na hakuna mahali panapokaa pakavu kwa muda wa kuungua. Mnara unaoyumba na meli unafanyiwa jambo hilo hilo. Mawimbi ya bahari kuu yanaiyumbisha meli kwa kipindi cha sekunde 10 hivi, zaidi au pungufu. Tone la kipoozeo linachukua nusu dakika au zaidi kushuka kwenye fungu la mirija, linatambaa na kudondoka kutoka mrija mmoja hadi mwingine. Kabla halijafika chini, meli imeshalala kulia na kushoto mara kadhaa, na kosa la kwenda limefutwa na kosa la kurudi. Alumini nayo ina uzito wake, inahifadhi baridi. Mrija ukikauka kwa sekunde 4 hauna muda wa kupata joto. Watafiti waliopachika mafungu ya mirija na minara midogo juu ya majukwaa yanayotikiswa kwa makusudi wamekuwa wakirudi na ujumbe wa aina hiyo: kuinama kwa kudumu kunadhuru zaidi kuliko kuyumba kwa kiasi hicho hicho cha digrii.

Wazee wetu wa majahazi walikuwa na neno mrama kwa chombo kinachoyumba, na tumelichukua kuwa neno la kila kilichoharibika: mambo yamekwenda mrama, ndoa imekwenda mrama. Kwa mnara wa gesi, mrama ni jirani msumbufu anayezoeleka. Adui ni chombo kulala ubavu na kutulia hapo.

Nisije nikaonekana nausafisha mrama kabisa. Kuna mahali unapopata meno, napo ni pale kimiminika kinapokuwa na uso wazi wa kuchezea. Ndoo ya maji kichwani inajua hili. Shangazi yangu, akitoka kisimani, alikuwa akitupia majani mapana juu ya maji, na sisi watoto tukidhani ni kuzuia vumbi. Kumbe maji ndani ya ndoo yana mdundo wao wenyewe, na hatua za mtembeaji zikilingana na mdundo huo yanaruka nje. Majani yanauvunja. Wahandisi wanafanya kazi ile ile kwa vizuizi vya chuma. Sahani yetu ya mita 4 yenye kina cha sentimita 30 ina mdundo wa sekunde 4.7. Igawe katikati kwa ukuta, mdundo unashuka hadi sekunde 2.4, mbali zaidi na mwendo wa meli. Ndiyo maana sahani za kugawia za baharini zinakatwa vyumba vyumba, wakati za nchi kavu zinaweza kuachwa wazi.

Matangi nayo hivyo hivyo, kwa ukubwa wa kutisha. Meli ya kawaida ya kubeba LNG inasafiri ama imejaa ama karibu tupu, kwa sababu tangi lililojaa nusu ndilo linalopiga kuta kwa nguvu. Meli ya kusindika haina uchaguzi huo: inazalisha usiku na mchana, tangi linapanda polepole, lazima lipite katikati. Tangi la upana wa mita 40 lenye kimiminika cha mita 8 lina mdundo wa sekunde 9.6, yaani limeketi kabisa kwenye sekunde za mawimbi ya bahari kuu. Likigawanywa kuwa mawili ya mita 20 kila moja, mdundo unakuwa sekunde 5.5. Prelude, yenye urefu wa mita 488, ilijengwa ikiwa na matangi kwenye safu 2 zilizopangwa ubavu kwa ubavu, na hesabu ya namna hii ndiyo iliyo nyuma yake.

Tazama sasa mambo haya mawili yanavyokutana, maana hapa ndipo naona wachambuzi wengi wanapopitwa. Wanaozungumzia matangi wanazungumzia usalama wa kuta zake. Wanaozungumzia mnara wanazungumzia tani za LNG. Lakini tangi lililojaa nusu, meli ikilala kidogo, linapeleka uzito wake upande ule ule wa chini na kuizidishia meli kulala. Siku meli ya mteja inapokuja ubavuni kupakia, maelfu ya tani yanatoka tangi moja baada ya jingine kwa saa nyingi mfululizo, na meli inataka kulala upande, au kuinamisha tezi au omo, kwa kila tani inayotoka. Anayeizuia ni mtu wa farumi, anayepampu maji ya bahari kuingia na kutoka ili chombo kisimame wima. Kwenye meli ya mizigo huyo ni mtu wa usalama. Kwenye meli ya kusindika gesi huyo ni mwendeshaji wa mnara wa kupoozea, ingawa kiti chake kiko mbali na mnara. Akichelewa nusu saa, mnara hautaanguka, hakuna king'ora kitakacholia. Joto la LNG litapanda kidogo tu, na mtu mwingine kwenye skrini nyingine atadhani kompresa ina walakini.

Bahari nayo ina mchango. Coral Sul na Prelude zimefungwa kwenye mhimili unaoziruhusu kuzunguka na kuelekeza omo kwenye upepo na mawimbi, ili zinese kwa urefu badala ya kuyumba kwa upana. Ni busara. Kasoro inakuja upepo, mkondo na mawimbi visipokubaliana, jambo ambalo baharia yeyote wa pwani hii, aliyeona kusi likipigana na mkondo, hatalishangaa. Hapo chombo kinapokea mawimbi kwa ubavu. Na hatuko nje ya njia ya vimbunga: Kenneth ilipiga Cabo Delgado Aprili 2019, Chido ikafuata Desemba 2024, na Hidaya ikatufikia huku Mafia Mei 2024.

Kuna mnara mwingine ambao hauzungumzwi sana, nao unaweza kuuharibu ule wa baridi bila kuugusa. Kabla ya kupoozwa, gesi inasafishwa hewa ya ukaa ndani ya mnara wenye vijazio vya chuma ambamo kemikali ya amini inateremka na gesi inapanda. Kiasi kinachoruhusiwa kubaki ni sehemu 50 kwa milioni. Zaidi ya hapo inaganda kuwa barafu ndani ya mirija. Mnara huu nao unategemea kimiminika kuenea sawa, na ukiinama amini inakimbilia ukutani, gesi inapita katikati haijasafishwa. Tofauti na kupoa kwa mrija, ambako kosa la sekunde chache linafutika, barafu ikishajijenga inakaa mpaka mtambo usimamishwe na kupashwa joto. Wabunifu wanajihami kwa kuongeza urefu wa mnara, kuongeza sahani za kukusanya na kugawa upya, na kuusogeza karibu na kitovu cha meli ambako mwendo ni mdogo. Yote hayo ni uzito na fedha.

Wapo walioamua kukwepa badala ya kuvumilia. Petronas ya Malaysia, kwa PFLNG Satu iliyotoa LNG yake ya kwanza Desemba 2016 nje ya Sarawak, ilichagua mzunguko wa naitrojeni. Naitrojeni inapooza ikiwa gesi tupu, haichemki, kwa hiyo hakuna utando wa kuteleza wala sahani ya kuinama. Gharama yake ni nishati: kompresa zinakula nguvu nyingi zaidi kwa kila tani, na chombo chenye urefu wa mita 365 kinazalisha tani milioni 1.2 kwa mwaka, wakati Coral Sul inazalisha milioni 3.4. Wengine wametafuta maji matulivu. Hilli Episeyo, meli ya mwaka 1975 iliyogeuzwa kiwanda, ilianza kazi nje ya Kribi, Kamerun, mwaka 2018. Gimi, mpakani mwa Mauritania na Senegal, imewekwa nyuma ya ukuta wa kuvunja mawimbi uliojengwa baharini kwa ajili yake. Huyu amelipa kwa zege, yule amelipa kwa umeme, Msumbiji wamelipa kwa mnara uliobuniwa kwa uangalifu na mtu wa farumi asiyelala.

Kwa hiyo hoja kwamba bahari inakataza imekufa, na walioiua wako jirani zetu. Nadhani watu wa Dodoma wanaoendelea kuitumia waiache. Oktoba 2025 wabia wa Eneo la 4, kitalu cha Msumbiji iliko Coral Sul, waliidhinisha uwekezaji wa meli ya pili, Coral Norte. Hakuna anayerudia kitu cha mabilioni ya dola kama cha kwanza kilimtia hasara ya kuyumba.

Lakini hoja ya meli nayo ina shimo, na shimo lenyewe ni la ukubwa. Tanzania inataja akiba ya gesi ya futi za ujazo zaidi ya trilioni 57, sehemu kubwa ikiwa kwenye kina kirefu cha bahari, na mradi wa Likong'o unaotajwa kugharimu dola bilioni 42. Meli moja inameza kipande kidogo cha akiba hiyo kwa mwaka. Ukitaka kiasi cha mtambo mkubwa wa nchi kavu utahitaji meli 3 au 4, kila moja na mnara wake, farumi yake, mhimili wake. Halafu gesi ya kuwasha mitambo ya umeme ya Dar es Salaam na viwanda vya Mtwara haitateremka yenyewe kutoka melini. Bomba la kuileta nchi kavu litakuwa mradi mwingine. Mimi ningepima meli kwa visima vilivyotengwa mbali na vingine, na kuacha moyo wa mradi ukae Lindi, ambako ardhi hailali ubavu.

Hata hivyo, siku mwekezaji atakapokuja na pendekezo la meli, na atakuja, nisingependa kuona kamati ikimuuliza kuhusu mawimbi ya mita ngapi. Jibu la swali hilo liko tayari kwenye makabrasha yake, limechapwa kwa rangi. Nataka aulizwe mnara wake umedhaminiwa kwa digrii ngapi za kulala kwa kudumu, uzalishaji unashuka kwa asilimia ngapi kwenye digrii 1 na kwenye digrii 2, na hasara hiyo kwenye mkataba wa kugawana mapato imeandikwa kwa nani. Siku za dhoruba kali zitaingia kwenye kifungu cha majanga ya asili na hakuna atakayebishana. Siku za digrii 1 ni nyingi zaidi na hazina jina.

Na nikibahatika kupelekwa ndani ya chumba cha kuongozea cha chombo kama hicho, sitaomba kuoneshwa kompresa. Nitauliza pima maji iko wapi, na nani anaitazama saa nane za usiku, meli ya mteja ikiwa ubavuni inapakia.